Tundu la Taa

Enzi zetu taa moja ilitosha vyumba viwili, na wa rika langu hamtashangaa. Nyumba yetu kule Tabora ilikuwa na nyaya kuukuu zilizovishwa kitambaa. Masika ukuta wa chumba cha watoto ukilowa, ukiugusa unapigwa shoti. Wimbo wa mama ulikuwa mmoja: "Vaeni ndala kwanza." Mwishowe baba, fundi cherehani asiyeogopa kazi ya mwenzake, akaukata umeme wa chumba chetu, akatoboa tundu juu ya ukuta uliotutenga na chumba chao, akaining'iniza taa humo humo.

Tukapata nusu ya mwanga na umbea wote. Tulitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga kitandani huku tukiwasikiliza wakituteta, nao wakitusikia tukigombea shuka. Swichi ilikuwa upande wao. Kabla ya kuzima, mama alituita mmoja mmoja: Hamisi, Mwamvua, Shabani, kisha mimi Zaituni, kitinda mimba. Wavulana waliitika naam, sisi abee. Asipoitika mtu, taa haizimwi. Watoto wa siku hizi mko nao meza moja, na bado kuwaita mpaka uwapigie simu.

Baba alishatangulia mbele ya haki, na kaka na dada zangu wako Dar na Mwanza. Masika iliyopita waya wa sebuleni ulitoa moshi, tukamleta fundi umeme. Sina la kumlaumu. Aling'oa nyaya zote za zamani, akakipa kila chumba taa na swichi yake. Tundu aliliziba kwa saruji, na sisi wenyewe ndio tuliomwambia azibe.

Juzi nilikwenda likizo, nikalala chumba chetu cha zamani. Asubuhi nilipomwamkia mama chumbani kwake aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimemkasirikia.

"Jana nimekuita, hukuitika."

Nikamwambia sikusikia. Akaitazama ile saruji. Akasema huwa anatuita wote wanne kila anapolala, na anajua hatupo, ila jana alijua mmoja yupo.

Iliniuma, na bado inaniuma. Zamani tuliuogopa ule ukuta, lakini sauti ya mama ilipita. Sasa hauna shoti tena, nyumba nzima inang'aa, na mama anazima taa yake bila kuitikiwa.