Anayegonga Sakafu Alfajiri

Tok, tok. Kimya. Tok.

Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha kabla hakujapambazuka. Usingizi wa mzee ni wa kuibia, kwa hiyo nikasema labda ni bomba linavuja.

Kesho yake tena. Tok, tok. Kimya. Tok.

Alfajiri iliyofuata nikasema liwalo na liwe. Nikajitanda shuka, nikafungua mlango taratibu.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama koridoni, miguu mitupu, mgongo umeinama. Ameshika gongo la kriketi, analigonga sakafuni. Macho yako wazi. Mimi niko mbele yake, wala hanioni.

Jamani, nywele zilinisimama.

Anayetembea usingizini haamshwi kwa kelele. Nilimshika kiwiko, nikamrudisha kitandani, nikamfunika miguu. Ilikuwa baridi kama sakafu yenyewe.

Asubuhi hakukumbuka kitu. Alikaa akikoroga chai ambayo hata sukari hajatia.

"Msimu unaanza, bibi. Jumamosi ni mazoezi," akasema. "Naona bora niache kabisa."

Mjukuu wangu ni fundi cherehani, lakini uwanjani wanamwita Radi. Kazi yake ni kurusha mpira, tena kwa kasi. Gongo halijui, akilishika, wenzake husema anafukuza nzi.

"Sasa wewe mrushaji, alfajiri gongo unalishikia nini?" nikamuuliza. Nikamgongea mezani kwa kidole. Mbili, kimya, moja.

Kijiko kikamponyoka.

"Bibi, hiyo nani kakuonyesha?"

"Wewe mwenyewe, ukiwa umelala."

Akajifunika mdomo. "Hivyo ndivyo Mwoka Mikate, mpigaji wetu, alivyokuwa akigonga gongo chini, akinisubiri nirushe."

Ndipo akanieleza yote. Mwishoni mwa msimu uliopita, mazoezini, mpira wake ulidunda vibaya ukampata yule bwana jichoni. Jicho likapotea. Radi alimsindikiza mpaka mlango wa hospitali, na tangu siku hiyo hajamtia machoni.

Nikaelewa, na nikaogopa zaidi. Kila alfajiri mtoto huyu alikuwa anasimama pale aliposimama yule bwana, akiungoja mpira wake mwenyewe.

"Twende kwake," nikasema.

"Nitamtazama vipi usoni?"

"Mtazame tu. Uso haung'ati."

Tulikwenda jioni hiyo. Njia nzima alinishika mkono, kana kwamba mimi ndiye mwenye woga.

Mke wa yule bwana akatufungulia. Alimtazama Radi, kisha akautazama mkono wake wa kulia.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, shemeji."

"Basi pita. Mama, wewe kalia hiki, kile kiti kingine mguu wake una maringo."

Sitamsahau kwa hilo. Alikuwa na kila sababu ya kutununia, lakini akajali nyonga zangu za uzee.

Mwoka Mikate alipomwona Radi akacheka. "Mbona umekonda? Nani alipigwa, mimi au wewe?"

Radi akaanza kulia. "Nisamehe, kaka. Mimi mchezo naacha."

"Mpira ule ulikuwa mzuri. Hata ningekuwa na macho manne ungenipita. Ukiacha, jicho langu litakuwa limekwenda bure."

Nikawaacha, nikamfuata mkewe jikoni. Akaufunga mlango.

"Mama, nikuulize jambo, usinicheke. Mume wangu huamka alfajiri huku amelala. Anakimbia toka hapa mpaka sebuleni, anazungusha mkono kama anayerusha mpira. Huyu maisha yake yote ni mpigaji, hajawahi kurusha. Kisha anajishika kichwa na kulia, 'Nisamehe, kaka.'"

Maneno yale yale niliyotoka kuyasikia sebuleni.

Nikashika ukuta. Nami nikamsimulia ya koridoni kwangu. Sufuria ilichemka mpaka ikamwagika, hakuna aliyeigusa.

Jumamosi Radi alikwenda. Alitapika getini, akanawa uso, akaingia. Mpira wa kwanza ulipotea pembeni kabisa, wakamcheka. Wa pili uling'oa kijiti nyuma ya mpigaji.

Tangu hapo koridoni kwangu kumetulia. Mimi ndiye ambaye bado naamka kusikiliza.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, uliyemuumiza usimkimbie. Mchana mnaweza kukwepana, kumbe usingizini kila mmoja amebeba mzigo wa mwenzake.

Leo asubuhi mke wa Mwoka Mikate kanipigia simu.

"Kwenu kimya, mama?"

"Kimya, mwanangu. Kwenu je?"

"Huyu bado anaamka. Ila siku hizi halii. Anarusha, halafu anasimama na kiganja wazi, kama anayengoja kurudishiwa mpira."

Nikasikia anashusha pumzi.

"Njooni tena, mama. Mje na Radi."