Zamu ya Nyumba ya Juu

Kwetu jumuiya husali kwa zamu, nyumba hadi nyumba, kila Jumamosi alasiri. Mwenye zamu hufagia uwanja, huazima viti, huchemsha chai, na sisi wengine huenda na rozari zetu na habari za wiki nzima. Kusema kweli, nusu yetu huenda kwa ajili ya habari. Mimi ndiye mwenyekiti. Walinichagua kwa sababu nina sauti kubwa na sina haya, na nadhani walijuta zamu ilipoangukia nyumba ya juu.

Nyumba ya juu ni ya mwisho kabla ya msitu wa Ngorongoro. Ukiipita, kilichobaki ni miti, nyati na ukungu. Katika miezi ya baridi ukungu hushuka kutoka ukingo wa kreta na kufunika mahindi yote, hata usiione mbuzi uliyemshika kamba. Aliishi pale mama mmoja kijana na mume wake, ambaye muda mwingi alikuwa Mang'ola akipakia vitunguu kwenye malori. Mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa bado ananyonya, alishikwa na nimonia na kufariki. Tulimzika, tukaimba vizuri, na kwaya ikavaa sare. Kisha tukarudi majumbani, na kuanzia siku ile hakuna aliyepanda tena njia ya kule.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Zamani sisi Wairaqw tulimtenga mwanamke aliyefiwa na mtoto anayenyonya. Hakuna aliyeingia kwake, hakuna aliyekula chakula chake wala kuchukua moto kwake, na ng'ombe wake hawakuchanganywa na wa wengine. Kutengwa huko tulikuita metimani. Iliaminika kwamba kifo kile hakijaondoka, kimebaki naye, na kinaweza kumfuata mtu atokaye kwake mpaka kimpate mtoto mwingine, hasa aliye tumboni. Siku hizi sisi ni Wakristo, tuna paroko na zahanati, na ukimwuliza mtu yeyote kijijini atakwambia hayo yalikuwa mambo ya babu. Neno lenyewe hakuna aliyelitaja. Hilo ndilo lililonitisha mimi. Hakuna kikao kilichokaliwa, hakuna mzee aliyetoa amri, na bado kila mtu, hadi watoto, alijua la kufanya.

Ilianza bombani. Yeye akifika, wenzake walikumbuka ghafla kwamba wameacha maharage jikoni. Ndoo ziliondoka zikiwa nusu. Baadaye akawa anakuja saa saba mchana, wakati hakuna mtu, na sisi tukamshukuru moyoni kwa kutuondolea aibu. Njia ya kwake ikaanza kuota nyasi katikati. Kanisani alikaa benchi la tatu kama siku zote, ila benchi lile likawa lake peke yake. Padre aliposema tupeane amani, yule mama alinyoosha mkono kushoto, akanyoosha kulia, kisha akaukunja na kuuweka mapajani. Padre wetu ni mgeni wa kutoka mbali, na mahubiri yake siku ile yalihusu kumpenda jirani. Watu waliitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine, na nyuso zao zilikuwa za amani kabisa.

Kwenye kundi la jumuiya la WhatsApp ilikuwa mbaya zaidi. Kila asubuhi aliandika, "Tumsifu Yesu Kristo." Mkatoliki hawezi kuiacha salamu hiyo ikae bila jibu, hata mlevi barabarani huitikia. Alama za kuonyesha imesomwa zilitokea, na hakuna aliyejibu. Mimi nilijibu mara ya kwanza, na ya pili. Baada ya hapo watu waliacha kuandika chochote mle ndani, na nikaja kusikia kuna kundi jingine jipya ambalo mwenyekiti hakualikwa.

Wakati huo binti yangu alikuwa kwangu. Anafanya kazi mapokezi kwenye lodge moja ya watalii, mume wake ni dereva wa wageni, na kwa kuwa msimu ulikuwa umechanganya na kijana yuko porini kila wiki, alikuja kungojea uzazi wa kwanza kwa mama yake. Ni msomi, anazungumza na Wazungu kwa Kiingereza chao, na nilipomsimulia mambo ya bombani alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama, watu wa huku bado tu?" alisema. Nilifurahi sana. Nikajiambia, angalau kwangu kuna mwanga.

Wiki ya zamu ile, udhuru ulianza kumiminika. Huyu ng'ombe wake anazaa, yule ana safari ya Arusha, wa tatu malaria imemrudia. Katekista, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya, alikuja mwenyewe mpaka uwanjani kwangu.

"Mwenyekiti, wiki hii tusali kila mtu nyumbani kwake," alisema. "Mungu yupo kila mahali."

"Kama yupo kila mahali, basi na kule juu yupo," nikamwambia. "Twende tukamsalimie."

Hakukasirika. Aliangalia mlango wa nyumba yangu, ambako binti yangu alikuwa amekaa akichambua mboga, akashusha sauti. "Mama, una mjamzito nyumbani." Basi, akaaga.

Jumamosi nilipanda peke yangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema, na nyasi za katikati ya njia zililowanisha sketi yangu hadi magotini. Nilijisikia mpumbavu kidogo, na mwenye haki sana, na kwa chini nilijisikia kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama. Nilipofika uwanjani nilisimama. Uwanja ulikuwa umefagiwa mistari mistari, na kupitia mlango niliona ameandaa viti vya jumuiya nzima. Hakuwa na wa kumwazima, kwa hiyo alipanga vigoda, magogo, ndoo zilizopinduliwa na debe la mahindi, kila kimoja kimefunikwa kipande cha kitambaa safi. Duara kamili. Katikati palikuwa na meza, msalaba na mshumaa unaowaka.

Alitoka mlangoni akainua mkono. "Mama, ishia hapo hapo."

"Nimekuja kusali."

"Najua. Salia hapo, mimi nitaitikia huku ndani. Una mtoto mjamzito nyumbani, Mama. Sitaki niwe mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kumkomboa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amesimama ananilinda. Hasira zikanipanda, sijui kwa nani. "Na wewe unaamini haya?" nikauliza.

"Sijui kama naamini," alisema. "Najua tu mimi nimeshamzika mmoja."

"Sasa viti vya nini?"

"Zamu ni yangu. Nisingeviweka, ningekuwa mimi ndiye niliyekataa watu."

Nikaingia. Alirudi nyuma hadi ukutani kunipisha, akiikusanya kanga yake isiniguse.

Tulisali rozari nzima, sauti mbili. Mimi nilianza, yeye akamalizia. Ukungu uliingia mlangoni taratibu ukakaa nasi, na kadiri tulivyoendelea nilishindwa kuvitazama vile viti. Sisemi niliona kitu. Nasema kila tulipoitikia, nyumba ile haikusikika kama nyumba ya watu wawili. Nyuma ya ukuta kitu kizito kilikuwa kinang'oa majani na kutafuna, nyati nadhani, na tuliponyamaza nacho kilinyamaza. Mshumaa ulikuwa mfupi tulipofika fumbo la mwisho.

Kisha akaleta chai. Aliweka kikombe mezani, si mkononi mwangu, akasogea mbali. Nilikiangalia. Mimi, niliyempasha katekista, niliyewasema wanawake wa bombani, mkono wangu ulikataa kuinuka. Alikuwa ananitazama.

"Acha tu, Mama. Kuja kwako kunatosha."

Nikanywa. Ilikuwa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, kama ya mgeni, na niliimaliza kwa mikupuo mikubwa nikiwa naogopa kweli kweli.

Binti yangu alinikuta mlangoni kabla sijavua viatu. Alikuwa amesimama katikati ya mlango, mikono miwili juu ya tumbo.

"Mama, uliingia ndani?"

"Niliingia."

"Ulikula kitu?"

"Nilikunywa chai."

"Mama, samahani. Naomba ukae jiko la nje. Najua ni ujinga, najua, lakini samahani." Akafunga mlango, nikasikia komeo. Nilisimama pale uwanjani kwangu, mbele ya nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, na kuku wangu wakanizunguka wakidhani nimewaletea pumba. Kesho yake mama mkwe wake alimtuma mtu na gari kutoka Karatu mjini kuja kumchukua. Binti yangu alinipungia mkono kutoka dirishani huku analia. Mimi sikupunga. Nilikuwa na hasira, na baada ya gari kupotea nililia hadi kichwa kikauma. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sasa na mimi nikaanza kuijua.

Maana bombani walinyamaza nilipofika. Hawakukimbia, mimi si wa kukimbiwa, lakini walinyamaza, na walivuta ndoo zao karibu na miguu. Waliokuwa wananunua maziwa kwangu walisema watoto hawayataki tena. Mtu wa pekee aliyeendelea kuzungumza nami alikuwa yule mama wa juu, na yeye kila nilipopanda alinigombeza. "Umempoteza mtoto wako kwa ajili ya kikombe," alisema. "Mimi sikukuomba." Nikamwambia Yesu naye hakusubiri kuombwa, na akanitazama kwa huruma, akaniambia Yesu hakuwa na binti mwenye mimba.

Mkwe wangu alipiga simu asubuhi moja. Mtoto wa kiume, mzima, mama yake mzima. "Ila mama," alisema, na nikajua kinachokuja, "wazee hapa wanaomba usije kwanza." Niliona picha kwenye simu. Alikuwa amekunja uso vile vile alivyokuwa akikunja marehemu mume wangu. Niliandika kwenye kundi letu lile lililokufa: "Tumsifu Yesu Kristo. Nimepata mjukuu." Ilisomwa. Nikaenda kukamua, nikarudi. Nikapalilia, nikarudi. Salamu yangu ilikuwa bado imekaa peke yake, na nilielewa yule mama wa juu alivyokuwa anaamka kila siku. Jua lilikuwa linazama simu ilipotikisika. Binti yangu, ambaye hakuwahi kutoka kundini tangu aolewe, alikuwa ameandika maneno mawili ya kuitikia, "Milele amina." Hakuongeza kitu, na nilizima simu ili nisije nikaandika upuuzi.

Baada ya arobaini ya uzazi binti yangu alikuja bila kutuma habari. Bajaji ilisimama barabarani, akashuka peke yake, mtoto kifuani amefungwa mashuka mawili na kofia ya sufu. Nilimkimbilia. Alinipa shavu, lakini hakuelekea nyumbani.

"Niliona salamu yako imekaa siku nzima," alisema. "Watu wote hawa uliowasimamia watoto wao ubatizo. Nikaona aibu, Mama, mpaka maziwa yakakatika. Twende juu."

"Juu wapi? Pumzika kwanza."

"Nikipumzika sitakwenda."

Yule mama alikuwa anachimba viazi kando ya msitu. Alipotuona aliweka jembe chini akarudi hatua kadhaa, akajifuta mikono kwenye kanga. "Hongera," alisema kutoka kule kule. "Anaonekana mzima. Nimemwona sasa, mrudisheni, kuna baridi." Binti yangu aliendelea kutembea hadi wakawa uso kwa uso. Akamfungua mtoto kifuani, akamtoa mbele kwa mikono miwili.

Yule mama hakunyoosha mikono. Alinitazama mimi. Na ndani yangu, mimi mwenyekiti, mimi niliyekunywa chai, kitu kilipiga kelele: hapana, si huyu. Kilikuwa na sauti ya bibi yangu na bibi zake wote. Nilifungua mdomo na sikujua litakalotoka. "Mpokee," nikasema.

Alitikisa kichwa. Akamgeukia binti yangu. "Mama yako nimeshamsikia. Wewe mwenye mtoto unasemaje?"

Ukungu ulikuwa unateremka kati ya miti. Binti yangu alimtazama mtoto, hakumrudisha kifuani.

"Naogopa," alisema. "Mpokee hivyo hivyo."

Akampokea. Alimweka begani, kiganja nyuma ya kichwa, kama mtu ambaye hajasahau, akafumba macho. Mtoto akapiga chafya. Sote watatu tuliruka, tukaganda, tukangoja kusikia kama atapiga nyingine.