Dumu la mafuta kwenye mashine ya theluji

Leo nimemfukia msimamizi wangu kwa theluji. Hapahapa Doha, nje nyuzi joto 43.

Kwa msiojua: naendesha mashine ya kurushia theluji kwenye uwanja wa michezo ya theluji ndani ya mall.

Mchana wateja wakijaa, mlango haufungwi, joto linaingia, theluji inalowa na kuganda kwenye bomba la kutolea. Lawama? Zangu.

Jana msimamizi, Mkenya mmoja, akaniambia: "Ikiziba tena, unarudi mlangoni kugawia wateja makoti."

Mimi? Makoti? Mashine hii nimejifunza mwenyewe!

Asubuhi kabla hatujafungua nikapasua dumu tupu la mafuta ya kula, nikalitandika ndani ya bomba. Plastiki laini, hakuna kitakachonata.

Nikawasha.

Nilichosahau: asubuhi theluji ni kavu kama unga. Ilipaa mara mbili ya kawaida, ikamwangukia msimamizi, simu mkononi. Mweupe kuanzia kichwani hadi viatuni!

"Wee Juma! Umenizika nikiwa hai?"

"Samahani mkuu. Lakini haijaziba."

Hakucheka. Sikuitoa plastiki pia. Nilifunga kibati chenye bawaba mdomoni mwa bomba: theluji kavu nakiinamisha, mbichi nakiinua.

Saa tisa watu wakajaa, theluji ikalowa chepechepe. Bomba likatema bila kukwama hata mara moja.

Msimamizi alitazama mpaka mwisho, amesimama mbaaali. Kisha akapaza sauti: "Juma, hiyo kitu usiitoe. Lakini kesho kabla uwashe, uniite jina kwanza!"

Mafundi wenzangu, ningeitoa kweli?