Mama Kadi na Dakika Ishirini za Binti Yake

Pale Taasisi ya Masomo ya Kimataifa na Kikanda kuna wasomi wa kila saizi, lakini anayeogopwa ni mmoja tu, na hana shahada hata ya kusingizia. Ni katibu muhtasi. Anachapa barua, anapanga ratiba, anajua ufunguo wa stoo uko mfuko gani. Kongamano likifika, anakaa kiti cha mbele kabisa, saa ya mkononi kaivua kaiweka mapajani. Dakika mbili zikibaki anainua kadi ya njano. Zikiisha, nyekundu. Hakonyezi, hatabasamu. Watu waliozunguka nusu ya dunia wakitoa mihadhara wameiona ile nyekundu wakameza sentensi nzima nzima. Kaifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, na jina la Mama Kadi limemganda mpaka mhasibu aliwahi kuliandika kwenye fomu yake ya likizo.

Aliyemshinda ni Mkurugenzi peke yake. Mzee mzuri, moyo mweupe, ila ukimpa maiki umekwisha. Wanafunzi wanamwita Kwa Kumalizia, maana hayo maneno huyasema mara saba na kila akiyasema ndiyo kwanza anaanza. Na ana ujanja wake: kabla ya kufungua kinywa anavua miwani. Bila miwani haoni hata safu ya kwanza, achilia mbali kadi. Utamlaumuje mtu asiyeona?

Mwaka jana alipewa dakika tano za kufungua kikao, akala thelathini na tano. Halafu ukumbini ikafanyika ile hesabu inayofanyika kila mahali: profesa mgeni hakatwi, mhadhiri mkubwa hakatwi, kwa hiyo anayekatwa ni mwanafunzi. Yule wa mwaka jana alipata dakika sita. Akasoma kichwa cha mada, akashukuru wazazi, akakaa.

Mwaka huu mwanafunzi ni binti yake Mama Kadi.

Na si mchezo. Nyuma ya ukumbi wanakaa watu watatu wa kamati wakiwa na karatasi za alama. Wanachagua wanafunzi wawili wa kupelekwa kwenye kongamano kubwa la kanda, nchi jirani, tiketi ya ndege imelipwa, na mada zao zinaingia kwenye kitabu. Kamati haitoi alama kwa ulichokusudia kusema. Inatoa kwa ulichosema. Dakika sita ni sawa na kubaki nyumbani.

Ratiba anaichapa Mama Kadi mwenyewe. Kidole kimoja tu na binti angehamia kikao cha alasiri, ambacho Mkurugenzi hakiongozi. Wiki nzima kidole hicho kilimuwasha. Jioni moja, binti akipiga pasi shati lake jikoni, mama akajaribu.

"Hivi wewe ungependa kuongea asubuhi au mchana?"

"Mama."

"Nauliza tu. Kuuliza kosa?"

"Ukinihamisha nitajua. Chuo kizima kitajua. Watasema nimebebwa mgongoni kama mtoto mchanga."

"Nimekubeba miaka miwili, hukulalamika hata siku moja."

"Nilikuwa sijui kuongea. Niache nipange foleni kama wenzangu, mama'ngu. Nikikatwa, nimekatwa."

Akaachwa. Ratiba ikabaki vilevile: kikao cha saa nne na nusu, Mkurugenzi mwenyekiti, dakika tano za ufunguzi, halafu watoa mada watatu kwa dakika ishirini kila mmoja. Profesa mgeni, binti, na wa mwisho mhadhiri mama mmoja aliyekuja kwa basi siku mbili, miguu imemvimba mpaka kavaa kandambili.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, projekta inaunguruma, fundi mitambo kajibanza pembeni na nyaya zake. Mkurugenzi akapanda, akagonga maiki, akavua miwani.

Dakika ya tatu, kadi ya njano juu. Akaitazama kama mtu anayetazama ukungu. Dakika ya tano, nyekundu. Ndiyo kwanza yuko kwenye historia ya taasisi, siku lilipoezekwa bati la kwanza. Dakika ya nane akasema, "Kwa kumalizia," na wanafunzi wa nyuma wakaanza kuhesabu kwa vidole.

Dakika ya kumi na moja Mama Kadi akainuka.

Tuelewane: huyu mzee ndiye anayesaini mkataba wake kila Januari. Na ukumbi mzima unajua binti wa nani anasubiri zamu. Akikaa kimya, mwanaye analiwa. Akisimama, watasema kasimama kwa ajili ya mwanaye. Vyovyote vile, kasemwa. Mtu akishajua atasemwa tu, miguu inakuwa myepesi. Alipanda ngazi tatu za jukwaa, polepole, viatu vikilia kwenye mbao, akailaza kadi nyekundu juu ya karatasi za Mkurugenzi, chini ya pua yake kabisa, kama mhudumu anayeweka sahani mezani. Akashuka. Akakaa.

Mkurugenzi akapapasa miwani, akaivaa, akaisoma ile kadi isiyo na neno hata moja.

"Naona refa kanitoa nje," akasema.

Watu wakacheka, na aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ni yeye mwenyewe. Akarudi mezani. Profesa mgeni, baada ya kuona yaliyompata mwenyeji wake, alimaliza dakika ya ishirini kamili na akaomba radhi ambayo hakuna aliyemdai.

Zamu ya binti. Sauti ilianza nyembamba, ikapanda. Alikuwa kakaa maktaba miezi minne akisoma ripoti za mikutano ya kanda, miaka kumi na mitano ya ripoti, na kagundua ahadi moja, ile ya kupunguza usumbufu mpakani kwa wafanyabiashara wadogo, imepitishwa mara tisa. Maneno yaleyale. Hata koma haikusogea. Waliokuwa wakisinzia wakafumbua jicho, maana kuna walioipigia kura mara zote tisa.

Halafu akasema alikwenda mpakani kuuliza, nao wafanyabiashara walishajipangia utaratibu wao zamani. Foleni yao haifuati nani kafika kwanza. Nyanya zinatangulia, halafu mayai, halafu nguo, kwa sababu nguo haiozi. Mwenye vyombo vya plastiki anakaa mwisho na halalamiki, kwa kuwa kesho huenda yeye ndiye mwenye nyanya. Hakuna aliyewaitia mkutano.

Mama Kadi hakuwahi kusikia hayo. Nyumbani alikuwa anasikia mlango ukifungwa tu. Akawa anaiona ile foleni, nyanya, trei za mayai, na mwanaye katikati na daftari, akiuliza maswali kwa adabu kama alivyofunzwa. Akasahau kuwa yuko kazini. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, mshika saa hakuitazama saa.

Fundi mitambo ndiye aliyekohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha mtu asiye na kifua. Mama Kadi akainamisha macho mapajani, kwenye saa. Dakika ishirini na tatu. Njano haikuinuliwa. Nyekundu haikuinuliwa. Na pale mezani yule mama wa basi la siku mbili alikuwa kimya kimya anakunja karatasi moja ya mada yake, anaitoa kwenye rundo. Anajikata mwenyewe.

Binti alikuwa kwenye utamu wenyewe. "Na ndiyo maana mimi napendekeza..."

Nyekundu alishaigawa, imelala mezani kwa Mkurugenzi. Mama Kadi akainua kiganja kitupu, juu, mpaka bega likauma.

Binti akakiona. Akamwangalia mama yake sekunde moja tu, ndefu. "Muda wangu umekwisha," akasema. "Asanteni." Akakaa. Mnong'ono ukapita ukumbini, na bibi mmoja wa kamati akaandika kitu, akakipigia mstari chini.

Mhadhiri wa kandambili akaikunjua ile karatasi yake, akairudisha mahali pake, na akapata dakika zake ishirini, kamili.

Muda wa maswali ulipofika, Mkurugenzi akavuta maiki na ukumbi mzima ukajiandaa kuumia. Akamgeukia binti.

"Unapendekeza nini?"

Basi. Maneno mawili. Kuna watu mpaka leo hawaamini kama ni yeye.

Binti akasimama. "Kila mkutano uanze kwa kusoma azimio la mwaka jana. Mtu mmoja asimame aseme limefikia wapi. Akikosa jibu, asipewe maiki mwaka huo." Vijana wakapiga makofi. Wazee wakapiga pia, kwa mikono mizito.

Mchana, kwenye foleni ya chakula, mama na mwana wakakutana na sahani zao.

"Umenikata mbele za watu, Mama."

"Ulizidisha dakika tatu."

"Kadi ya njano sikuiona."

"Hukuiona kwa sababu sikuiinua. Nilikuwa nasikiliza."

Binti akasitisha kijiko. "Wewe? Ulikuwa unasikiliza?"

"Sogea mbele, unazuia watu."

Kesho yake, saa nane, bibi wa kamati akaleta karatasi iliyoandikwa kwa mkono: majina mawili, yachapwe, yabandikwe saa kumi, na kabla ya hapo siri. Mama Kadi akaifunua. La kwanza la kijana wa historia. La pili ni jina alilolichagua yeye mwenyewe kwenye wodi ya wazazi, miaka ishirini na sita iliyopita, akabishana na mumewe siku tatu mpaka likapita.

Akalichapa. Akalikagua herufi moja moja. Akalikagua tena, ingawa haiwezekani kulikosea. Akafunga mlango wa ofisi, akacheza peke yake hatua nne kuzunguka meza, akaketi, akaweka sura sawa.

Simu ikalia.

"Mama, majina bado?"

"Saa kumi. Kama watu wote."

"Mbona unahema?"

"Nimebeba mafaili," akasema Mama Kadi, akakata simu kabla cheko halijamtoka.