Geji ya Pikapu na Mbuzi wa Ntheo

Safari hii tuliifunga kwa sababu ya aibu, sitaficha. Mwezi uliopita mimi na mume wangu, Baba Muia, tulipakia mbuzi wa ntheo kwenye pikapu yetu kuukuu tuwapelekee wazazi wa Mbithe kule Yatta. Mbithe ndiye msichana ambaye mwanetu Muia alitaka kumwoa, na kwetu Ukambani bila mbuzi hao hahesabiwi kuwa ameolewa. Pikapu ikaishiwa na dizeli katikati ya pori. Wakwe walikaa na nguo zao nzuri wakitungoja mpaka jua likatua. Wakatupa Jumamosi nyingine, lakini baba yake Mbithe alimpigia Muia simu akamwambia hataita watu mara ya tatu.

Pikapu yenyewe ina matangi mawili. Unachagua tangi kwa swichi iliyo karibu na usukani, na geji ya kuonyesha mafuta ni moja kwa yote mawili. Geji hiyo ilikufa zamani, mshale umelala chini kama mgonjwa. Baba Muia hupima dizeli kwa kugonga tangi na kutega sikio, vile watu husikiliza mzinga wa nyuki. Siku ile ya aibu aligonga, akasikiliza, akatangaza, "Iko nusu." Nusu gani hiyo!

"Bila geji," nikamwambia, "hizo mbuzi utabeba na mgongo."

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo, tuliondoka nyumbani Muthetheni kwenda kwa fundi Athi River, umande ukiwa bado kwenye mahindi. Kabla ya kuwasha gari akainama chini, akagonga. Nikamwacha agonge. Mimi nilikuwa nimeshaficha mtungi wa dizeli chini ya magunia, maana simwamini mtu.

Masii tulisimama tukanywa chai na maandazi. Mwenye hoteli alituuliza tunaenda wapi na gari hiyo mbio mbio. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaweka birika chini. "Si mumpeleke mzee hospitali apimwe masikio?" akasema. Baba Muia aliinamia chai yake. Nilifurahi kupata mtu wa kuniunga mkono.

Mjini Machakos hatukukaa. Mafundi wa pale walishatuambia tutumie kijiti kupimia dizeli, tuachane na geji. Tukapita milima ya Iveti ikiwa imejifunika ukungu, tukateremka hadi Kyumbi, tukaingia barabara ya Mombasa tukisukumwa na malori ya saruji.

Athi River tulifika kabla ya adhuhuri. Fundi Njoroge ana uwanja wake nyuma ya maegesho ya malori, umejaa pikapu za rika la yetu, nyingine nzima, nyingine za kutolewa spea. Ni mtu mnene, mcheshi, aliyehamia huku kutoka Murang'a miaka mingi iliyopita.

"Karibuni. Ni nini inasumbua?"

"Geji," nikasema.

"Na masikio," Baba Muia akaongeza, nami nikajua ile ya Masii ilikuwa bado inamchoma.

Njoroge alichomoa waya juu ya tangi la kwanza, akaugusisha kwenye chuma cha gari. Aiya! Mshale ambao sikuwa nimeuona ukisimama tangu Muia akiwa mtoto mchanga ukapanda hadi juu kabisa. Nikapiga kigelegele hapo hapo, madereva wa malori wakageuka.

"Geji ni mzima," akasema. "Shida iko kwa matangi."

Tangi la kwanza lilikuwa na waya ulioliwa na kutu tu. Akaukata, akafunga mwingine. La pili alilishusha kabisa. Alipotoa kile kifaa chenye boya la kuelea juu ya mafuta, kilitoka kimeganda, na kutu ikamwagika kama ugoro.

"Mzee," akauliza taratibu, "hii tangi iliwahi kuwekwa maji?"

Baba Muia akakuna shingo. "Ilikuwa kiangazi. Tangi ilikuwa inakaa tu bure. Nikaiosha na sabuni kwanza."

Njoroge alikaa juu ya tairi akacheka mpaka akafuta machozi. "Nyinyi Wakamba mtaniua! Nimefungua matangi mingi. Ya kuteka maji, hii ndiyo ya kwanza."

Mimi sikucheka. "Kumbe ile chai iliyokuwa ikinuka dizeli! Ukaniambia ni kuni mbichi!"

"Mama Muia," akasema mume wangu, sasa akinitazama, "ulikuwa umetoka kuzaa Muia. Mto ulikuwa umekauka. Ningekuacha na mgongo unakuuma uende kutafuta maji mpaka wapi?"

Nikaenda kununua soda za watu watatu.

Njoroge alipata boya jingine kwenye pikapu moja ya spea, akaosha tangi, akalirudisha. Jioni tulirudi nyumbani nikiwa nimekodolea mshale macho. Ulipokaribia chini, Baba Muia akageuza swichi, ukapanda tena. Akaigeuza mara kadhaa bila sababu, akifurahi kama mtoto.

Jumamosi tulifika Yatta mapema mno, mama yake Mbithe akatoka bado amejifunga taulo kichwani. "Ngai! Mbona asubuhi hivi?" Baba yake Mbithe hakusalimu kwanza. Alipita mbuzi bila kuwatazama, akaingiza kichwa dirishani.

"Nionyesheni hiyo geji Muia ameniambia mmetengeneza."

Baba Muia akawasha. Mshale ukasimama juu ya nusu. Mkwe akautazama, kisha akafungua mlango mwenyewe.

"Haya, shukeni."

Muia ameoa. Na mimi nilijifunza kwamba miaka hii yote mume wangu alivumilia ulimi wangu kando ya barabara, dizeli ikiisha, na hakuwahi hata mara moja kusema tangi la pili liliharibika kwa sababu ya kunitekea maji. Bado namwambia aache kugonga tangi. Ila siku hizi namwambia kwa upole.