Fizi za Fundi Cherehani

Fundi cherehani wetu pale Lushoto, enzi za Mwingereza, alikuwa na kifafa. Akianguka barazani, wateja walikimbilia barabarani, wakiamini povu lake linaambukiza, wakamwacha na cherehani yake. Kisha daktari wa hospitali akampa vidonge, na kuanguka kukakoma. Tukamshukuru Mungu, kila mtu kwa dini yake. Lakini mwaka haujaisha, fizi zake zikaanza kukua. Zilinenepa, zikateremka juu ya meno, hata yakabaki yanachungulia kama punje za mahindi machanga. Daktari alimweleza kwamba dawa ile huotesha fizi za baadhi ya watu, asafishe sana kinywa. Tangu hapo mswaki wa mti haukumtoka mdomoni, hata akiwa anakanyaga cherehani, miguu ikienda na taya likienda. Wateja, waliokuwa wameanza kumsogelea, wakarudi kusimama mbali.

Siku moja Mama Sefania, jirani yake, alifuata gauni lake la kanisani. Alimtazama mdomo, akaona huruma.

“Fundi, ziache hizo dawa. Zinakuharibu sura.”

“Nikiziacha nitaanguka, mama. Utanishika?”

Mama Sefania akalikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena.

“Nitaita mtu,” akasema mwishowe.

Fundi akacheka sana, fizi zote nje.

“Huyo mtu nimemngoja miaka yote, mama,” akasema kwa upole. “Vidonge ndivyo vilivyokuja.”