Alama Chini ya Nembo

Mimi ni mutu wa kushuku, sifichi. Nikiuziwa mukungu wa ndizi ninaugeuza mara tatu. Nikisalimiwa kwa furaha nyingi ninajiuliza huyu anataka nini. Muke wangu anasema nilizaliwa nikimwangalia mukunga kwa jicho la pembeni. Aseme tu. Ukiishi Bunia miaka niliyoishi, ukang'olewa kioo cha motokari nawe uko kanisani unaimba, utajifunza kuangalia watu mikono kabla ya kuwaangalia sura.

Motokari yenyewe ni ya Wajapani, ilipitia Ariwara, kule mpakani, kabla ya kunifikia, na wenyewe waliotangulia sikuwahi kuwajua. Injini haikohoi. Aibu yake ilikuwa kwenye magurudumu. Janti zake, yaani rimu, ni zile za aluminiumu, za kung'aa, na katikati ya kila janti kuna kifuniko kidogo cha duara chenye nembo ya kiwanda. Siye tunakiita bushoni. Basi bushoni zangu zilikuwa zimechoka kabisa. Mbili zilibanduka nembo, moja ilipasuka meno ya kushikia, na ya nne niliifunga kwa utepe mweusi isianguke njiani.

Ningeziacha hivyo, lakini mutoto wetu wa kike wa kwanza alikuwa anaolewa. Familia ya bwana-arusi ilishakuja kujitambulisha, na Jumamosi ya kuleta mahari ilishapangwa. Siku moja shemeji wangu, kaka ya muke wangu, akazunguka motokari yangu mikono mugongoni, akacheka.

"Shemeji, wageni iko wanaangalia kila kitu. Watakuta motokari ya baba ya bibi-arusi iko na macho ya kutoboka?"

Yeye ana haki ya kusema. Motokari yake ni ndugu ya yangu, aina moja, na anaipenda kupita kiasi. Bushoni zake anazipangusa kwa kitambaa cha miwani. Tena kwetu mahari haifunguliwi bila mujomba. Wageni wanaweza kuleta ng'ombe mpaka zijae parseli, uwanja wote wa nyumba, lakini kama mujomba ya bibi-arusi hajapokea mbuzi yake na kusema mbele ya watu kwamba amepokea, maneno hayaanzi. Na mutoto wetu ana mujomba mumoja tu, ni huyo.

Nikaondoa bushoni moja ya zamani kwa turnavisi, bisibisi niliyoizungushia kitambaa, isikwaruze janti. Nikapima tundu kwa rula, nikaenda sokoni kwa muuza vipuri. Alikuwa na beseni zima la bushoni. Nikaanza kushuku palepale. Kila bushoni ya kutumika ilitoka kwenye motokari fulani, sasa hiyo motokari iko wapi?

Hapa kwetu mwenye motokari mwenye akili anaweka alama yake ya siri kwenye kila kitu kinachong'oka. Mumoja anachora, mwingine anachoma. Ukinunua kitu cha kutumika, unatafuta kwanza alama ya mutu, usije ukapeleka balaa nyumbani. Nikachagua nne za nembo ileile, nzuri, nikazigeuza, nikachungulia ndani ya kila moja, kati ya meno, pembeni. Hakuna kitu. Nikaweka ukucha chini ya nembo, nione na huko.

"Muzee, usiguse hapo!" muuzaji akaruka. "Iko kole, gundi ya kiwanda. Ukibandua, hairudi tena."

Nami nikamuamini! Mutu ninayegeuza ndizi! Mpaka leo nikikumbuka ninajisikia hasira. Zilikuwa zinang'aa, na mimi nilishaziona akilini zikiwa zimesimama mbele ya wageni.

Nyumbani nikasugua kutu kwenye matundu kwa brosi na petroli ya taa, nikapangusa mpaka pakakauka. Nikapasha musumari, nikachoma musalaba mudogo ndani ya kila bushoni. Halafu nikazisukuma kwa kiganja, kaa! kaa! kaa! zikaingia. Ya nne ilikataa. Nikailazimisha kwa turnavisi bila kitambaa, ikateleza, ikaacha mukwaruzo kwenye ukingo, mufupi, umepinda. Nikatukana peke yangu pale uani.

Wiki iliyofuata, siku ya fundi kunipima suti, shemeji akasema atanipelekea motokari kwa lavaji, iogeshwe. Aliondoka asubuhi. Akarudi jua limeshainama, motokari safi.

"Umekawia," nikamwambia.

"Kulikuwa na watu mingi."

Akanipa ufunguo bila kuniangalia. Nikaliweka hilo moyoni. Na tangu siku hiyo akawa anakuja kwetu kwa moto, pikipiki ya kukodi. Mutu anayependa motokari yake kama muke wa pili, ghafla anapanda moto na vumbi hili la Bunia?

"Motokari yako iko wapi?"

"Iko inapumzika, shemeji."

Inapumzika! Motokari ni mutu? Nikaliweka na hilo.

Mimi nina tabia ya kurudia kukagua. Jumamosi moja kabla ya ile ya mahari nikang'oa bushoni moja, niuone tu musalaba wangu nifurahi. Ndani hamukuwa na musalaba. Nikang'oa ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna. Nikatafuta ule mukwaruzo, hakuna pia. Nembo ni ileile, kipimo kilekile, lakini si zangu. Na kusema kweli zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nikajiuliza, mwizi gani anachukua mbaya na kuacha nzuri? Nikajijibu mwenyewe kwamba ndio ujanja wake, ili nisigundue. Mutu akishaamua kushuku hakosi jibu.

Jumapili, baada ya misa, tulikuwa mezani na bugali na samaki wa Tchomia. Shemeji alikuwepo. Ningeweza kumuita pembeni. Sikumuita.

"Shemeji, bushoni zangu umezipeleka wapi?"

Akaacha kula. "Bushoni njo hizo ziko kwenye motokari."

"Hizo si zangu. Ulitoka nazo kwa lavaji, ulirudi na zingine. Weye ni mwizi."

Nililisema hivyohivyo, mbele ya dada yake, mbele ya mutoto anayetakiwa kuolewa. Muke wangu akaweka mukono kinywani. Shemeji akanawa mikono polepole, kidole kwa kidole, akamwambia dada yake, "Aksanti kwa chakula," akatoka.

"Papa," mutoto akauliza, "na Jumamosi?"

"Atakuja. Mutu haachi mbuzi yake."

Nilijiona nimesema kitu cha maana sana.

Jumamosi wageni walifika kabla ya saa sita, wakiwa wamependeza. Tuliwakalisha chini ya turubai, wanawake wakawapigia vigelegele. Mbuzi ya mujomba ilikuwa imefungwa kwenye muti wa muparachichi, inalia. Kiti cha mujomba kilikuwa kitupu. Msemaji wa wageni akasafisha koo, akauliza kwa heshima kama mujomba yuko karibu. Nikasema yuko njiani. Baada ya kitambo akauliza tena. Kupitia dirisha nikamuona mutoto wangu amekaa na kitenge chake kipya, haongei na wenzake, anaangalia kile kiti.

Nikatoka nje kwenye barabara, eti kumuangalia mujomba anakokuja. Motokari za wageni zilikuwa zimepangwa kandokando ya ukuta wa lupango. Nami, hata siku ile, macho yangu yakaenda kwenye magurudumu. Ya tatu ilikuwa ya aina ya yangu. Gurudumu la mbele, upande wa kushoto, bushoni yake ilikuwa na mukwaruzo kwenye ukingo, mufupi, umepinda.

Nikainama pale na suti yangu mupya, nikaichokoa kwa ufunguo. Ikatoka. Ndani kulikuwa na musalaba wangu.

Damu ikanipanda. Nikasema, kumbe! Aliwauzia wakwe zetu!

"Muzee, iko nini?"

Alikuwa baba mudogo ya bwana-arusi, mufanyabiashara wa dhahabu kutoka kwenye machimbo, mutu mupole wa kofia nyeupe. Alikuja siku ya kujitambulisha, alikaa karibu na shemeji wangu na walicheka sana.

"Hii ni yangu," nikamwambia, nimeishika hivi.

Hakukasirika. Akaichukua, akaweka ukucha chini ya nembo, akaibandua kidogo tu. Chini yake kulikuwa na tone la rangi nyekundu, ile wanawake wanapaka kwenye kucha.

"Ni rangi ya muke wangu," akasema. "Niliweka kwenye zote nne siku nilinunua motokari. Kisha zikaibiwa. Wiki mbili zilizopita nikazikuta kwa lavaji, kwenye motokari yako, nikachungulia chini ya nembo, rangi ni hii."

Nikainamia ile rangi, nikaikwaruza kwa ukucha.

"Shemeji yako akaniambia, njo yeye alizinunua sokoni, alitaka kukufurahisha, weye hujui kitu. Akazing'oa zote palepale na mikono yake, akanirudishia, akaniomba radhi sana. Akasema, 'Baba, usimuambie baba ya bibi-arusi, atakosa kulala sababu ya haya.' Nikasema bon, mutu anaweza kudanganywa, siye ni wakwe. Nilitaka tu kujua musalaba huu ni wa nani. Akasema ni wake."

Akanirudishia bushoni nijionee tena. Nilijua ningeweza kunyamaza. Musalaba ulishakuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwepo. Baba ya bibi-arusi angebaki safi. Nikageuka, nikamuona mutoto wangu amesimama mulangoni ananiangalia.

"Ni wangu," nikasema. "Niliuchoma mimi. Nilizinunua mimi. Yeye hakujua kitu."

Sikuishia hapo. Nikarudi chini ya turubai na bushoni mukononi, nikasimama mbele ya wageni wote. Nikasema mimi ndiye nilinunua mali ya wizi, na kwamba nilimuita shemeji wangu mwizi kwenye meza yangu, na kwamba kiti kile ni kitupu sababu yangu. Hakuna aliyecheka. Msemaji wao akasema, "Basi muzee, uende umulete. Siye tutangoja."

Nikaendesha mwenyewe mpaka kwake. Njia nzima nilikuwa natafuta neno la kuanzia, na nilikuwa bado ninajiuliza swali moja la kijinga, kwamba kama zangu alirudisha, hizi nzuri nilizo nazo alizitoa wapi.

Nikafungua lango la parseli yake. Motokari yake ilikuwa uani, imejaa vumbi wiki mbili, yeye asiyeacha vumbi hata siku moja. Magurudumu yote manne yalikuwa na mashimo meusi katikati. Bushoni hazikuwepo. Mimi ninayekagua kila gurudumu linalopita Bunia sikuja hata mara moja kuangalia ya shemeji wangu.

Muke wake alikuwa mulangoni. "Ingia, shemeji. Amevaa tangu asubuhi."

Akatoka kabla sijaingia. Alikuwa na suti, tai, viatu vimepigwa rangi. Nikamushika mukono kwa mikono yangu miwili na kulia mbele yake kama mutu aliyefiwa.

Yeye akaniacha nilie kidogo. Kisha akaangalia nyuma yangu, barabarani, ambako motokari yangu ilikuwa inanguruma, milango wazi, ufunguo ndani.

"Shemeji," akasema, "weye umeacha motokari wazi hivi? Twende, mutoto wetu anangoja."